Misa ya Mboya na Meza ya Wafiwa

Jumamosi mchana, 5 Julai 1969, Tom Mboya, waziri katika serikali ya Kenya, alipigwa risasi nje ya duka la dawa la Chhani's, Government Road, Nairobi, barabara ambayo leo ni Moi Avenue. Alikuwa na miaka 38. Jumanne iliyofuata misa ya wafu ilifanyika Kanisa Kuu la Holy Family, mwendo mfupi kwa miguu kutoka pale alipoangukia.

Misa hiyo hukumbukwa kwa fujo. Gari la Rais Kenyatta lilipofika, umati ulilirushia mawe. Polisi wakafyatua gesi ya machozi, nayo ikapenya mpaka ndani, kwa waliokuja kumwombea marehemu. Ni kweli, lakini tumezoea kuisimulia kama habari ya siasa tu. Mboya alikuwa Mkatoliki, mwanafunzi wa shule za misheni, na misa ile ilikuwa ya kwake kabla haijawa ya taifa.

Mwezi mmoja baadaye, 15 Agosti, Vatikani ilitangaza utaratibu mpya wa mazishi. Siku hiyo hiyo Mboya angetimiza miaka 39. Utaratibu wa zamani ulikuwa wa mavazi meusi na wimbo wa Kilatini wa kutisha kuhusu siku ya hukumu. Mpya, ulioagizwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliweka Pasaka mbele: marehemu anapita, hapotei. Kwa Wakatoliki ekaristi ndiyo meza wanayoshiriki walio hai pamoja na waliotangulia. Mfiwa aliyechoshwa na pole za watu hapewi hotuba nyingine pale. Anasimama, anatembea, anapokea.

Si wote wanaopokea. Mjane aliyelipiwa mahari lakini hakufunga ndoa kanisani huweza kubaki kwenye benchi, jeneza la mumewe likiwa mbele yake, huku majirani wakipanga foleni. Kanisa lina sababu zake za sheria, ila sijawahi kuona hilo likimpunguzia mtu uchungu.

Katika miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki, wakikutana Nairobi, walizipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, na faraja ikaanza kuhama kutoka kanisa kuu kwenda sebuleni. Upande wa magharibi wa jiji, Kangemi na Kawangware, msiba ukitokea jumuiya ndiyo hufika kwanza: rozari jioni, mchango wa jeneza na basi, chai. Padri akipatikana, misa husomwa hapo hapo, meza ya kulia ikitandikwa kitambaa cheupe. Papa Fransisko alipozuru parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Kangemi, Novemba 2015, alifika katika mwezi ambao Wakatoliki huwaombea marehemu wao. Mwezi huo bahasha za nia za misa hujaa majina, na mengine ni ya watu waliozikwa miaka mingi iliyopita.