Maboresho ya Usanifu wa Mawe ya Kusagia Nafaka

Jiwe la kusagia ni miongoni mwa zana kongwe za binadamu. Maboresho yaliyoleta tija kubwa katika usanifu wake hayakutokana na kuongeza uzito, bali yalihusu mwendo wa jiwe, mifereji iliyochongwa usoni mwake na aina ya mwamba uliotumika.

Kutoka kusukuma hadi kuzungusha

Zana ya awali ilikuwa jiwe bapa lililolazwa chini. Msagaji alipiga magoti na kusukuma jiwe dogo juu yake, mbele na nyuma, kwa saa nyingi. Mifupa ya kale iliyofukuliwa Abu Hureyra, nchini Syria, ina alama za kuumia kwa magoti, mgongo na vidole gumba vya miguu, hasa kwa wanawake. Watafiti wamezihusisha na kazi hiyo.

Baadaye lilibuniwa jiwe la duara linalozunguka juu ya jingine, kama kijaa cha mkono kinachojulikana katika Pwani ya Afrika Mashariki. Mwendo wa kuzunguka ulipunguza uchovu na kuwezesha matumizi ya wanyama, maji na upepo. Katika karne ya 1 kabla ya Kristo, Mrumi Vitruvius alieleza kinu cha maji chenye magurudumu ya meno.

Kazi ya mifereji

Nafaka huingia kupitia tundu la katikati ya jiwe la juu. Nafasi kati ya mawe mawili ni pana kidogo katikati na hupungua kuelekea ukingoni, ambako hukaribia unene wa karatasi. Jiwe la juu linapozunguka, mifereji yake hupishana na ya jiwe la chini mithili ya makali ya mkasi. Mifereji hiyo hukata punje, husukuma unga nje na kupitisha hewa inayopunguza joto. Bila hiyo, unga huungua na kupoteza ubora.

Aina ya mwamba

Mwamba laini humomonyoka, na mchanga wake huingia katika unga na kusaga meno ya walaji. Kwa sababu hiyo, mawe ya La Ferté-sous-Jouarre, nchini Ufaransa, yalithaminiwa na kuuzwa hadi Uingereza na Marekani. Yalikuwa ya mwamba mgumu wenye vitundu vidogo. Vipande vyake viliunganishwa kwa plasta na kufungwa kwa pete za chuma ili jiwe lisipasuke.

Matunzo na usalama

Mifereji huisha makali, hivyo jiwe huinuliwa na kuchongwa upya kwa tindo. Baada ya kuchonga, pumba husagwa kwanza ili kuondoa chembe za mawe, nazo hutupwa. Aidha, mawe hayapaswi kuzungushwa bila nafaka, kwani yakigusana huharibika na kutoa cheche zinazoweza kuwasha vumbi la unga.

Mwishoni mwa karne ya 19, rola za chuma zilichukua nafasi ya mawe katika viwanda vikubwa. Hata hivyo, unga wa mawe usiochekechwa hubaki na kiini na pumba, zenye virutubisho vingi. Kwa kuwa mafuta ya kiini huchacha, unga huo unafaa kusagwa kwa kiasi kidogo na kutumika mapema.