Mtanashati wa London: Sehemu ya Pili

ILIPOISHIA: Usiku wa dansi, Julai 1813, Mwana wa Mfalme wa Uingereza alimsalimia Lord Alvanley, akampita George Brummell kana kwamba ni nguzo. Brummell akapaza sauti: "Alvanley, huyo rafiki yako mnene ni nani?"

SASA ENDELEA...

Mnene huyo ndiye aliyekuwa akitawala kwa niaba ya baba yake mgonjwa. Zamani alikuwa akija mwenyewe kwa Brummell kumtazama tu akivaa!

Na alivaa nini? Si hariri, si dhahabu. Sharobaro wa leo huongeza, huyu alipunguza. Koti la buluu, suruali iliyomkaa, buti zinazong'aa, na shingoni kitambaa cheupe kilichotiwa wanga. Kitambaa hicho ndicho kilichokula asubuhi zake. Alikizungusha kidevu kikiwa juu, kisha akakishusha kidevu polepole mpaka mikunjo ikae. Ikigoma, hakirekebishwi, kinatupwa, kinaletwa kingine. Mtumishi wake alikutwa ngazini amebeba lundo la vitambaa vilivyokunjamana. Hivyo vipi? "Hivi ndivyo vilivyotushinda," akajibu.

Lakini kitambaa hakifilisi mtu. Karata zinafilisi. Urithi wa baba yake, kama pauni 30,000, uliishia mezani, na baada yake ikaja mikopo.

Tarehe 16 Mei 1816 alimwandikia rafiki yake Scrope Davies: niazime pauni 200, kesho asubuhi nitarudisha. Jibu likaja, la adabu na la kukatisha tamaa: bahati mbaya, fedha zangu zote ziko kwenye hati za serikali.

Jioni akaenda opera kama kawaida, shingo imenyooka. Aliyemwona hakushuku kitu. Akatoka mapema. Nje gari la farasi lilikuwa likimngoja. Usiku ule ule likashika njia ya Dover, na kutoka hapo akavuka bahari hadi Calais, Ufaransa, akiwaachia wanaomdai nyumba na vyote vilivyomo.

Siku 6 baadaye Christie's wakavipiga mnada. Samani, mvinyo, vyombo vya kaure. Husimuliwa kwamba katika vitu hivyo kilikuwemo kijaluba kizuri cha ugoro, na kilipofunguliwa, ndani kikaonekana kikaratasi chenye mwandiko wa Brummell mwenyewe: kijaluba hiki kilikusudiwa kuwa zawadi ya Mwana wa Mfalme, kama tu ange...

ITAENDELEA WIKI IJAYO