Gambuti na kofia ngumu ni za bosi kununua

Wengi tunaotoka hapa Mhunze kwenda kupiga kibarua migodini, Mwadui au Geita, haki zetu hatuzijui. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka hivi:

1. Mwajiri asajili sehemu ya kazi OSHA.
2. Upimwe afya kabla ya kuanza kazi.
3. Vifaa vya kinga akupe yeye, bure. Usikubali kukatwa hela!
4. Ukishapewa, kuvivaa ni wajibu wako.

Ukiumia kazini fidia inatoka WCF, na anayechangia ni mwajiri, sio wewe.

Sio mchezo jamani: mwaka 2015 pale Nyangalata, Kahama, wachimbaji walikaa siku 41 chini ya ardhi ndipo wakaokolewa. Kabla hujashuka duarani, uliza.