Kalibu nayo huamua uimara wa plastiki mchanganyiko

BESENI au kiti cha plastiki kinapopasuka, mnunuzi aghalabu hulaumu malighafi. Lawama hiyo ni ya haki, ila ni nusu tu. Mchanganyiko ule ule wa plastiki waweza kutoa chombo imara au dhaifu kutegemea jinsi ulivyotiwa kwenye kalibu.

Chukua polithini nzito, inayotumiwa kuunda mitungi, na polipropilini, ambayo ni ya viti na vifuniko. Ya kwanza huyeyuka kwenye joto la nyuzi 130 hivi za Selsiasi, na ya pili 165 hivi. Hata zikiyeyushwa pamoja haziungani. Hukaa mithili ya mafuta na maji, moja ikiwa matone madogo mno ndani ya nyingine, na ufa huanzia pale matone hayo yanapopakana na plastiki iliyoyazunguka.

Katika mtambo wa kudunga, uji wa plastiki husukumwa kwa shinikizo kubwa na kupenya kwenye kalibu baridi. Mkondo huyavuta matone yakawa nyuzi, na tabaka la nje huganda upesi kabla nyuzi hizo hazijajikunja. Kiini hupoa polepole, nayo matone yake husalia ya mviringo. Hivyo basi chombo huwa na nguvu kufuata mkondo, lakini huwa dhaifu kikivutwa kukingama nao. Fundi anayepima kipande kilichokatwa upande mmoja pekee hujidanganya.

Pabaya zaidi ni pale mikondo miwili inapokutana baada ya kuzunguka tundu. Hapo hubaki mshono, na wengi wetu tumeona kiti kikipasuka papo hapo.

Kushindilia plastiki ndani ya kalibu moto ni kinyume cha hayo. Mkondo ni mdogo, kwa hivyo nguvu hukaribiana pande zote. Hata hivyo, ikikawia kupoa, matone huungana yakawa makubwa, na chombo kikawa chepesi kuvunjika. Nguzo nene za ua zinazoundwa humu nchini kwa taka za plastiki hukabiliwa na tatizo hili la kupoa polepole, na kiini chake huweza kubaki na mapovu.

Viwanda huongeza kiunganishi, yaani kemikali yenye molekuli zinazoshika plastiki zote mbili. Matone hubaki madogo na hushikamana vyema na plastiki iliyoyazunguka. Kiunganishi hicho huongeza gharama, na karakana ndogo nyingi hukiacha.