Kalamu inayokumbuka, na njiti mbili za shangazi

Shangazi yangu anaishi na kisukari mwaka wa kumi na saba sasa. Juu ya redio yake, kule Nakuru, huwa kuna njiti mbili za kiberiti. Akijidunga insulini ya asubuhi anaondoa moja, akijidunga ya jioni anaondoa ya pili, na kabla ya kulala anazirudisha zote mbili mahali pake. Mimi nimekaa chuoni miaka minne nikisomea sayansi ya tarakilishi, na siku nilipoziona njiti zile nilicheka peke yangu. Zilikuwa biti mbili, hakuna zaidi.

Kwa kile kiburi chetu sisi waandika programu, nikamwambia nitamtengenezea kitu bora. Nikaandika programu ndogo ya simu yenye kitufe kimoja kikubwa: ukishajidunga, bonyeza. Aliitumia siku nne. Siku ya tano akanipigia saa mbili usiku.

"Mwanangu, simu yako inasema sijajidunga. Mimi nadhani nimejidunga. Tumwamini nani?"

Swali hilo si la mchezo. Akidunga mara mbili, sukari inaweza kushuka usingizini mpaka apoteze fahamu. Asipodunga kabisa, inapanda. Usiku ule hakudunga. Alipima sukari kila baada ya muda hadi saa nane, na asubuhi ilikuwa juu sana. Kumbe simu ilikuwa imesema kweli, lakini hakukuwa na njia ya kuijua kweli hiyo saa mbili usiku. Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za kalamu za insulini zinazoweka kumbukumbu, na leo nataka nikusimulie zilikotoka, kwa sababu wahandisi waliozitengeneza walipitia kosa langu kabla yangu.

Insulini ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kudungwa. Kwa miongo mingi iliyofuata chombo kilikuwa bomba la kioo na sindano ya chuma, vitu vya kuchemshwa jikoni. Zilipokuja insulini za kukaa mwilini kwa muda mrefu, watu wengi walidunga mara moja au mbili kwa siku. Mtu wa kudunga mara moja, tena baada ya kuchemsha vyombo robo saa nzima, hasahau kirahisi. Ile adha yenyewe ilikuwa kumbukumbu.

Mwaka 1985 kampuni ya Novo ya Denmaki ikatoa NovoPen, kalamu ya kwanza ya insulini. Ukiitazama ungedhani ni kalamu ya wino: kifuniko, mwili mwembamba, na ndani katriji ya dawa badala ya wino. Mwaka 1988 ikaja NovoPen 2, unazungusha nambari ya dozi kisha unasukuma. Sasa mtu angeweza kujidunga hotelini kabla ya ugali kufika mezani, bila kichupa wala bomba.

Na hapo ndipo tatizo la kumbukumbu lilipozaliwa, ingawa sijaona wengi wakilisema hivyo. Mwaka 1993 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uitwao DCCT, uliowafuata watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza. Ulionyesha kwamba kuidhibiti sukari kwa makini, kwa kudunga mara tatu au zaidi kwa siku au kutumia pampu, kunapunguza sana madhara ya macho, figo na neva. Mwaka 1996 ikaingia sokoni insulini ya haraka ya lispro, ya kudunga wakati wa mlo. Basi mtu akawa na kalamu mbili, moja ya haraka na moja ya siku nzima, na midungo minne au mitano ya sekunde chache kila siku. Tendo likiwa jepesi hivyo halikwami kichwani. Ni kama kufunga mlango: umefika stendi ya matatu ndipo unajiuliza kama ulifunga.

Dawa yake ya zamani ilikuwa daftari. Lakini daftari lina hadithi yake. Mwaka 1984 Roger Mazze na wenzake walichapisha utafiti ambamo wagonjwa walipewa mashine za kupima sukari zenye memori ndani, bila kujua kwamba zinahifadhi vipimo. Walipolinganisha mashine na madaftari, mengi hayakukubaliana. Kulikuwa na vipimo vilivyoandikwa ambavyo mashine haikuwa navyo, na vingine vibaya vilivyoachwa nje. Madaktari walishtuka. Mimi sikushtuka hata kidogo. Mtu anayejua atagombezwa kliniki Jumanne hulijaza daftari Jumatatu jioni, tena kwa kalamu moja ya rangi moja. Usisahau utafiti huu, maana uliacha swali ambalo kila kalamu yenye memori imelazimika kulijibu: hii kumbukumbu ni ya nani, ya mgonjwa au ya daktari?

Mwaka 2007 Eli Lilly waliileta HumaPen Memoir Marekani. Ilikuwa na kioo kidogo cha tarakimu, na ilihifadhi tarehe, saa na kiasi cha dozi 16 za mwisho. Kwa macho ya mwandika programu ni jambo zuri: logi kamili yenye alama ya wakati. Sasa piga hesabu nami. Kabla ya kila mdungo unatakiwa kusukuma yuniti chache hewani ili kuondoa hewa na kuhakikisha sindano haijaziba. Kalamu ile ilihesabu na huo msukumo kuwa dozi. Mtu wa midungo minne kwa siku anaandikiwa mistari minane. Mistari 16 ni siku mbili! Kwa daktari anayemwona mgonjwa baada ya miezi mitatu, siku mbili si kitu. Na kwa mgonjwa aliyesimama jikoni akijiuliza kama amedunga, ni lazima apitie orodha na kutenganisha dozi ya kweli na ya hewani.

Novo Nordisk walikwenda njia nyingine. NovoPen Echo ya mwaka 2010 ililenga hasa watoto, ikipima hadi nusu yuniti, na memori yake ilikuwa na kitu kimoja tu: dozi ya mwisho na saa zilizopita tangu hapo. Haina tarehe wala orodha. Kwenye ncha ya kalamu unaona nambari, na kando yake alama ndogo zinazoongezeka moja kwa kila saa hadi 12. Mwaka 2012 NovoPen 5 ikawaletea watu wazima kitu hicho hicho.

Mara ya kwanza niliposoma hayo nilidhani ni ubahili wa memori. Nafasi moja tu, katika karne hii? Baadaye nikaelewa. Mzazi aliyerudi kazini jioni, mtoto alikuwa kwa nyanya yake, ana swali moja: amedungwa, kiasi gani, zamani gani? Insulini ya haraka hufanya kazi kwa saa kadhaa, hivyo kujua "yuniti 4, saa mbili zilizopita" ni kujua kama ni salama kuongeza. Saa yenyewe ilivyo ukutani haihitajiki. Halafu kwa kuwa kalamu haina tarehe ya kuseti, haiwezi kusetiwa vibaya.

Zaidi ya yote, mtumiaji hafanyi chochote cha ziada. Kumbukumbu inaandikwa na kile kisukumio chenyewe. Hapa ndipo nilipoona kosa la kitufe changu: nilimpa shangazi tendo la pili la kusahau, juu ya lile la kwanza.

Lakini hata kalamu hizi si mashahidi kamili. Zinajua kwamba kisukumio kimesogea, basi. Ukidunga na sindano iliyoziba, au dawa ikimwagika kwenye nguo, kalamu itaapa kwamba umepata dozi. Na kwenye Echo, ukijaribu yuniti mbili hewani kabla ya kutazama memori, umeshaifuta dozi ya mchana.

Kisha simu zikaingia. InPen ya Companion Medical ilipata kibali Marekani mwaka 2016, ikituma kila dozi kwenye simu kwa Bluetooth na kukokotoa insulini iliyobaki mwilini. Medtronic waliinunua kampuni hiyo mwaka 2020. NovoPen 6 na Echo Plus nazo zinahifadhi midungo 800 na kuisoma ni kugusisha simu. Hizi ni logi za kweli, za miezi. Daktari anaona kila mlo uliorukwa. Kuna watakaofurahi kuachana na daftari, na kuna watakaohisi wamewekewa askari mfukoni. Ningekuwa mimi naandika programu hiyo, kitufe cha kumtumia daktari kingekuwa mikononi mwa mgonjwa, kimezimwa mpaka yeye akiwashe.

Huku kwetu Afrika, mjadala huo ni wa anasa. Afrika Kusini, ambako zahanati za serikali zilikuwa zimewapa watu kalamu za insulini kwa miaka, ugavi wa Novo Nordisk wa kalamu za insulini ya kawaida ulikoma mwaka 2024, na wagonjwa wengi wakarudishwa kwenye kichupa na bomba. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lililipigia kelele jambo hilo. Kichupa hakikumbuki chochote.

Shangazi naye ni wa kichupa. Baada ya kufuta programu yangu tulikaa mezani tukafikiria upya, na wazo likatoka kwake, si kwangu. Alichukua trei ya mayai. Ina mashimo 30, midungo miwili kwa siku, hivyo inatosha siku 15. Kila shimo anachomeka bomba jipya likiwa tupu, safu kwa safu, na siku ameziandika pembeni kwa kalamu ya wino. Bomba likishatumika linaingia kwenye debe la taka za sindano, halirudi. Bomba likiwepo shimoni, hajadunga.

Nilimtembelea tena Jumapili moja mwezi uliopita. Wakati anachemsha chai niliitazama ile trei. Bomba la Alhamisi jioni lilikuwa bado limesimama shimoni mwake. Sikumwuliza.