Jina la Feruzi

Mwezi uliopita niliitwa Bagamoyo kwenye kikao cha ukoo. Kijana wa mdogo wangu alikuwa amepata mtoto wa kiume, wa kwanza, na zilibaki siku mbili tu kufika akika. Mbuzi wawili walikwisha kununuliwa. Jina ndilo lililokuwa halijapatikana, au tuseme lilikuwa limepatikana na kukataliwa.

Baba wa mtoto alitaka kumwita Feruzi, jina la baba yake babu yangu, ambaye katika nyumba yetu hutajwa mara chache na kwa sauti ya chini. Shangazi, dada yake marehemu baba na mkubwa wetu sote aliyebaki, alikataa katakata. Alisema jina la mtumwa halirithiwi. Kisha akanigeukia: "Wewe unawafundisha watoto wa watu historia. Waambie na hawa."

Niliwaambia niliyoyajua, na ninayaandika hapa kwa kuwa swali la shangazi si la nyumba yetu peke yake.

Katika karne ya kumi na tisa, mtu aliyefikishwa pwani kwa mnyororo alipokonywa jina lake mapema kabisa. Alipewa jingine, na majina hayo yalikuwa na mtindo wake. Baadhi yalikuwa ya vito: Almasi, Marijani, Feruzi. Mengine yalikuwa ya heri: Mabruki, Baraka, Faraji, Bahati. Ukiyasoma leo bila historia yake utadhani ni majina ya mapenzi. Lakini kito ni mali, na heri iliyokusudiwa ilikuwa ya mwenye kununua. Zaidi ya jina lenyewe, kilichomtenga mtumwa na mwungwana ni kilichofuata baada ya jina. Mwungwana alikuwa na "bin", na nyuma ya "bin" walipangana baba, babu na nasaba nzima. Mtumwa alikuwa Feruzi wa fulani, na fulani huyo hakuwa baba yake.

Wasomaji wengi wanamfahamu Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa akiwa kijana, akavushwa bahari hadi India, akarudi Zanzibar akiwa huru baada ya bwana wake kufa. Mwaka 1857 aliwaongoza Burton na Speke kuelekea maziwa makuu, akamfuata Stanley mwaka 1871, kisha akavuka bara pamoja na Cameron mpaka Bahari ya Atlantiki. Ni wachache katika zama zake waliolitembea bara hili kuliko yeye. Hata hivyo vitabu vinamkumbuka kwa jina la mji wa kigeni, na jina alilopewa na wazazi wake halimo.

Wamisionari waliowapokea waliokombolewa nao walikuwa na daftari na kalamu. Freretown, karibu na Mombasa, ilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani, na huko na Zanzibar watoto wa Kiyao na Kinyasa walitoka kwenye maji ya ubatizo wakiwa na majina ya Kiingereza. Yupo mmoja ninayempenda katika kundi hilo: Cecil Majaliwa, aliyepata upadri wa Kianglikana mwaka 1890. Nusu ya jina lake ni ya Uingereza. Nusu ya pili ni ya Kiswahili na inasema kwamba mtu huyu amejaliwa, ingawa haimtaji aliyemjalia. Majaliwa lilikuwa jina la kawaida miongoni mwa waliopita utumwani. Leo ni jina la heshima na hakuna anayeuliza lilikotoka. Hoja hii nilimpa shangazi. Hakujibu.

Sasa nirudi kwetu. Zanzibar hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1897. Bara, chini ya Wajerumani, haikufutwa kwa mara moja. Amri yao ya Desemba 1904 ilisema tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru, na wazazi wao wabaki walivyo. Utumwa wenyewe ulifutwa na Waingereza mwaka 1922. Fikiria maana yake ndani ya chumba kimoja: mama si huru, baba si huru, mtoto aliyelala kati yao ni huru kwa sababu ya kalenda.

Babu yangu alizaliwa katika miaka hiyo ya mwanzo wa amri. Feruzi alimwita Salum. Si kito wala baraka ya mtu mwingine. Ni jina la mtu salama, jina ambalo mwungwana yeyote wa mji ule angeweza kumpa mwanawe. Mimi husoma humo nia. Mzee yule hakuwa na shamba wala nasaba ya kumrithisha mwanawe, akamrithisha jina lisiloulizwa maswali. Na Salum naye alifanya kama walivyofanya wengi wa kizazi chake: alipokua aliacha kusema "bin Feruzi". Wanawe, akiwamo baba yangu, walipoandikishwa shule, Salum likawa jina la mwisho, likaganda hapo. Serikali ilisaidia bila kukusudia. Fomu zetu zina nafasi tatu, la mtoto, la baba na la babu au ukoo, na babu wa nne hana kisanduku. (Wanafunzi wangu wanaohangaika na hati za kiapo kwa sababu cheti cha kuzaliwa kinasema hivi na cha kidato cha nne kinasema vile wanaijua vizuri nguvu ya visanduku hivyo.)

Hapo mama wa mtoto, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: "Kabla ya kuitwa Feruzi, aliitwa nani?"

Hakuna aliyejibu. Shangazi alisema tu kwamba alitoka upande wa Nyasa, akiwa mdogo, na kwamba uzeeni alikuwa akiota ndoto na kusema lugha ambayo nyumbani hakuna aliyeifahamu. Nimefundisha historia ya utumwa kwa miaka mingi, nikiwa na ramani za njia za misafara na hesabu za waliopita Kilwa na Bagamoyo. Swali hilo sikuwahi kujiuliza juu ya mtu wa damu yangu.

Kijana mmoja akapendekeza basi tutafute jina lolote la Kiyao au la Kimang'anja, liwe la kurudi nyumbani. Niliipinga rai hiyo, na bado naipinga. Jina la mababu lina uzito pale ambapo watu wanaolitoa wanajua kwa nini wanalitoa. Tazama Butiama, Aprili 1922. Mtoto wa Mtemi Burito aliitwa kwanza Mugendi, mwenye kutembea, kisha kwa ushauri wa mganga akabadilishiwa akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Baba yake mwenyewe aliitwa Nyerere kwa sababu alizaliwa wakati viwavi vimeivamia nchi ya Wazanaki. Majina yale yalitunza habari ya mwaka, ya hali ya hewa na ya njaa, na watu waliozijua habari hizo walikuwapo. Jina la Julius lilikuja kwa ubatizo, Desemba 1943, Kambarage akiwa mtu mzima wa miaka 21. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka padri ahakikishe mbatizwa ana jina la Kikristo. Ile ya mwaka 1983 imelegeza: inatosha jina lisiwe geni kwa hisia ya Kikristo. Kambarage angezaliwa leo, angeweza kubatizwa Kambarage.

Na jina la asili likitolewa kwa amri nalo hugeuka minyororo. Mwaka 1972 Mobutu aliwalazimisha raia wa Zaire kuacha majina ya Kikristo, naye akajivika yale marefu tuliyoyakariri shuleni. Kardinali Malula alipopinga, alilazimika kuondoka nchini kwa muda. Wapo wanaharakati wanaonitajia siasa ile kama mfano wa ukombozi wa utamaduni. Mimi naona ni daftari lilelile la bwana, lililobadilisha mwandishi. Mkongo aliyelipenda jina la bibi yake Marie hakuulizwa, kama Myao wa Freretown hakuulizwa.

Kwa hiyo nilipotakiwa kutoa hukumu nilisema hivi. Jina Feruzi lilitolewa na mnunuzi, ni kweli. Lakini mnunuzi alilitumia miaka michache. Mzee aliishi nalo maisha yake yote, akaoa nalo, akazikwa nalo, na mkewe hakuwa na jingine la kumwitia. Sioni ni kwa haki gani tumwachie mnunuzi. Shangazi alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia kwamba mimi nimelisoma tusi hilo vitabuni, yeye amelisikia kisimani, akiwa msichana, kutoka kwa majirani ambao wajukuu wao sasa wanasali safu moja na sisi. Sikuwa na jibu la hilo na sikulitafuta.

Baba wa mtoto ndiye aliyeamua, kama ilivyo haki yake na mkewe. Siku ya saba mtoto alinyolewa, akaitwa Feruzi. Kwenye fomu ya cheti cha kuzaliwa jina hilo limeandikwa la kwanza, na Salum la mwisho, baba ametangulia na mwana anafunga safu. Shangazi alihudhuria, akala pilau, akamlaza mtoto mapajani mpaka alasiri. Kwa jina hajamwita hata leo. Anamwita Babu.