Hesabu Moja ya Watoto

Ndugu zetu, nchi ya Uganda haikuanza jana kupokea wageni. Baada ya machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959, wakimbizi wengi waliingia Ankole wakapewa makao Nakivale. Tangu zama hizo swali ni lile lile: mtoto wa mgeni atasoma wapi bila ya mtoto wa mwenyeji kukosa nafasi?

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 ilimpa mtoto mkimbizi haki sawa na ya mwenyeji katika elimu ya msingi. Lakini haki iliyoandikwa si dawati. Mwaka 2016 vita vya Sudan Kusini vilileta umati mkubwa Bidibidi, wilayani Yumbe, penye Waislamu wengi. Madarasa yakajaa pomoni. Ndipo Septemba 2018 serikali ikatoa mpango wa miaka mitatu na nusu, wa wakimbizi na wenyeji pamoja, uliokusudia kuwafikia wanafunzi 567,500 kwa mwaka, kwa wastani.

Hekima yake ni hesabu moja. Wakihesabiwa wenyeji peke yao, mgeni husomea chini ya mti. Wakihesabiwa wageni peke yao, mwenyeji hunung'unika na ujirani huharibika. Basi nasi tuchangapo kwa ajili ya shule, yatupasa tuwahesabu watoto wote waliopo, na walio njiani.